Naomba ushauri: paka wangu, punda wa jirani na usiku wa kuamkia Mapinduzi

Mama wa Jang'ombe
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina paka jike niliyemlea tangu hajafumbua macho. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, fataki zilipoanza kuripuka uchochoroni kwetu, aliingia chini ya kitanda akakaa humo hadi alasiri ya siku ya pili, hali wala hanywi, masikio ameyalaza na mkojo umemtoka palepale alipojikunyata. Usiku huohuo punda wa jirani yetu, mzee anayepata riziki yake kwa kubeba mchanga na matofali, alikata kamba akakimbilia barabarani, na mpaka leo anachechemea mguu wa nyuma. Sasa unakuja usiku wa tarehe 11 Januari, ambapo saa sita zitapigwa fashifashi, zile fataki za angani, viwanjani Maisara, na watoto wa mitaani nao watakuwa na zao. Nimenunua Panadol nimpe paka nusu kidonge apate kulala. Anayejua kipimo anieleze.

Mfugaji wa Fuoni
Waalaykumu salaam. Dada yangu, usimpe hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu linavyoivunja. Damu yake hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Isitoshe, Panadol si dawa ya usingizi. Mlishe mapema kabla ya magharibi, funga madirisha, washa redio kwa sauti ya chini, na akijificha muache huko huko, usimvute. Sikio letu hukomea kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, lakini la paka hufika kiasi cha 64,000, kwa hiyo katika mruzi wa fataki yapo anayoyasikia yeye na sisi hatuyasikii kabisa.

Kijana wa Chake
Mimi ya kwangu ni kuku. Idi iliyopita koo wangu alikuwa akiatamia mayai tisa, zikabakia siku nne tu. Vijana waliokuwa wakirudi kutoka Tibirinzi wakatupa fataki nyuma ya banda, kuku akaruka ukuta, na hakurudi ila asubuhi. Nililivunja yai moja nikamkuta kifaranga ameshaota manyoya, naye amepoa. Tangu siku hiyo nikisikia mripuko wowote namkumbuka yule kifaranga.

Ukhti wa Mwembetanga
Sote tumefundishwa chuoni, kwenye Qur'ani, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Kumtisha mnyama nako ni kumuadhibu. Lawama kubwa iko kwa wazazi wanaowapa watoto fedha ya sikukuu bila ya kuuliza itanunua nini. Nendeni kwa sheha.

Mkaa Barazani
Bibi, umetuhadithia kamba, mguu na uchochoro, lakini hukututajia nani aliyewasha. Jang'ombe watu wanajuana. Hizo fataki zilikuwa za nani?

Mama wa Jang'ombe
Waliowasha ni watoto wa mtaani. Waliponunua ni kwangu. Nina kiduka mlangoni, na kila Disemba naweka fataki pamoja na pipi na maputo. Mzee hajui kama ile pakiti ilitoka mkononi mwangu, na mimi ndiye niliyempelekea mafuta ya kumkanda punda. Katoni mbili zimebaki kwa ajili ya Mapinduzi, nimeshazilipia na muuza jumla hazirudishi. Skuli zinafunguliwa na nina watoto watatu wa kuwanunulia sare na madaftari. Nisipouza mimi, watanunua duka la pili, na kelele zitakuwa zilezile. Ndiyo maana nimeuliza dawa ya paka, sikuuliza habari ya biashara.

Ukhti wa Mwembetanga
Kwa hiyo wewe unauza hofu, kisha unatafuta dawa ya hofu.

Mfugaji wa Fuoni
Tusimshambulie, amesema kweli na kweli ni nzito. Ila mguu wa punda usiukande tu kwa mafuta. Punda akiogopa kwa kawaida husimama kwanza akatazama. Akikata kamba na kukimbia ujue amezidiwa mno, na huenda mshipa umekatika. Atazamwe na daktari wa mifugo, wala asifungwe gari mpaka apone.

Msomaji wa Wete
Mimi naona hadithi hii imetungwa. Mwenye duka dogo hana ghala, kwa hiyo bila ya shaka katoni ziko chumbani. Chumba cha uswahilini hakina pa kuziweka ila chini ya kitanda, na chini ya kitanda yumo paka. Tuambie vimeenea vipi vyote viwili.

Mama wa Jang'ombe
Sikutunga. Kitanda ni cha besera, cha marehemu bibi yangu, kirefu hata mtoto huingia chini yake bila ya kuinama sana. Katoni zimekaa upande wa kichwani, na paka alijibana baina yake na ukuta.

Fundi Seremala, Mkokotoni
Kama ni besera ya zamani, yenye miguu iliyokerezwa, basi maneno yake yanawezekana. Nimezitengeneza kadhaa, na chini yake hukaa hata sanduku la mvule.

Mfugaji wa Fuoni
Ndugu zangu, mnajadili kitanda na mwenzetu analala juu ya baruti! Hiyo ni chumvi ya shura, makaa na unga wa kiberiti (salfa), haihitaji zaidi ya cheche moja. Watoto watatu wanalala wapi? Dada, zitoe usiku huu.

Mama wa Jang'ombe
Wanalala juu ya kitanda hicho hicho. Sikupata kulifikiria hilo. Nimezitoa sasa hivi, ziko uani juu ya matofali, mbali na jiko, nimezifunika turubali. Bado sijajua nitazifanya nini. Panadol nimeirudisha kabatini. Kwa mzee nilikwenda baada ya isha nikafika mpaka mlangoni. Alikuwa ameinama na kandili, ameushika ule mguu kwa mikono miwili, anamsemesha punda polepole. Nikarudi. Nitakwenda tena alfajiri, kabla hajamfunga gari.