Naomba ushauri: sote tunatumika kanisani, lakini si pamoja. Tuanzie wapi kama familia?

Mama wa Donholm
Bwana asifiwe wapendwa. Tuko wanne nyumbani: mume wangu, mimi, kijana wa miaka 15 na msichana wa gredi ya nne. Mimi niko kwaya na ushirika wa akina mama, mume wangu kamati ya ujenzi, kijana anashughulikia vipaza sauti, mdogo yuko Sande skuli. Jumapili tunaingia lango moja, tunatawanyika, tunakutana tena stegi ya matatu saa nane kila mtu amechoka kivyake.

Juzi kijana akaniuliza, "Mama, wewe ukiomba huwa unamwambia Mungu nini?" Nikashtuka. Ananiona nikiimba kila wiki, lakini hajawahi kunisikia nikimwombea mtu. Nataka watoto waione imani ikifanya kazi, na waione tukiwa wote. Waliojaribu, mlianza na nini? Jumamosi kijana ana masomo ya ziada hadi adhuhuri.

Baba Umoja
Mama, usiende mbali. Sisi tulianza na jirani. Ploti ya pili kutoka kwetu kuna nyanya anayeishi peke yake ghorofa ya nne. Watu wa Eastlands mnajua maji huku ni ya mgao, na hata yakija hayapandi juu. Siku ya maji wavulana wangu humbebea mitungi ya lita 20, mke wangu hupika ugali na sukuma jikoni kwake, mimi napiga deki, na kitinda mimba humsomea Zaburi kwa sababu macho ya nyanya hayaoni tena maandishi.

Siku moja mtoto akakwama Zaburi ya 110, jina la Melkizedeki likamshinda. Nyanya akaendelea mwenyewe kwa moyo, amefumba macho, mpaka aya ya saba. Wavulana walikuwa mlangoni na mitungi mabegani. Hakuna aliyeitua mpaka alipomaliza. Tukishuka ngazi mkubwa akaniuliza inakuwaje mtu abaki na Neno kichwani hata macho yakimwacha. Sasa ana mistari yake anayokariri bila kusukumwa. Ibada ya nyumbani tunayo na ninaipenda, lakini swali lile lisingezaliwa sebuleni.

Mwalimu wa Sande skuli, Kayole
Naunga mkono. Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa nyanya yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Watoto wangu darasani wanaijua habari ya Msamaria Mwema mpaka zile dinari mbili. Ila ni wachache waliowahi kumwona baba yao akimhudumia mtu asiye na cha kumrudishia.

Mpe kila mtoto kazi ambayo asipoifanya pengo litaonekana. Huyo wa gredi ya nne asiwe wa kushika mkate ili apigwe picha. Picha ziacheni kabisa. Anayesaidiwa ana heshima yake, na mtoto akizoea kupigwa picha kila anapotoa, siku isiyo na kamera hataona sababu ya kutoa. Mkirudi nyumbani ulizaneni ni nini kilichomgusa kila mmoja, kisha mumwombee kwa jina yule mliyemtembelea, watoto wakiwasikia. Mama, hapo kijana atapata jibu la swali lake.

Mwanajumuiya, South B
Mimi ni Mkatoliki, kwetu mlango huo uko wazi. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana hapa Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, na mpaka leo tunakutana majumbani, wazee kwa watoto. Zamu ikifika kwenu nyumba nzima inahudumu: mmoja anapanga viti, mwingine anasoma Injili, mwingine chai. Mgonjwa wa jumuiya tunamwendea pamoja. Muulize mchungaji kama mna ushirika wa nyumba kwa nyumba huko Donholm.

Mzee wa Kanisa
Nina tahadhari moja. Mama ana vikundi viwili, kijana ana masomo na vipaza sauti. Mkiongeza Jumamosi juu ya hayo yote, watoto watakuja kuichukia nyumba ya Bwana. Ng'oa kimoja kabla ya kupanda kingine. Na kijana msimburute. Tunapenda kunukuu "mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA" (Yoshua 24:15), lakini aya hiyohiyo inaanza kwa kuwaambia watu wachague. Mwacheni yeye achague wa kwanza kutembelewa.

Mama wa Donholm
Mungu awabariki. Nitaongea na kiongozi wa kwaya anipunguzie zamu, na kijana tayari ametaja jirani mmoja, mzee aliyefiwa na mkewe. Bado jambo moja: mume wangu ni fundi wa stima, mpole sana, na kuomba mbele za watu hawezi. Anasema twende sisi watatu, yeye atatuombea akiwa nyumbani.

Baba Umoja
Asibaki, dada. Akila na Prisila walikuwa mafundi wa kushona hema, na Paulo alikaa kwao akifanya kazi nao (Matendo 18:3). Baadaye hao hao wakamchukua Apolo na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na kanisa likakutana nyumbani mwao. Kwa mzee anayeishi peke yake hakukosi swichi iliyolegea au holda ya balbu iliyoungua. Baba aende na bisibisi na testa yake, azime meni swichi, kijana amshikie tochi. Kuomba mtaomba nyinyi. Yeye akitaka kusema neno, mwacheni alitoe siku yake.