Majirani Mill Woods: Notley na mzigo wa Ottawa

Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada, Ijumaa 12 Aprili 2019, usiku

Baba Neema, 20:12
Habari za jioni ndugu zangu. Kesho ndiyo mwisho wa kura ya mapema. Mimi nimeshapiga leo nikitoka kazini. Nimempa Kenney wa chama cha UCP, sifichi.

Mama Zawadi, 20:14
Njema Baba Neema. Kura ni yako. Ila kwa nini Kenney?

Baba Neema, 20:15
Nimemchoka Trudeau, waziri mkuu wa nchi.

Dada Rehema, 20:16
Kaka jamani, Trudeau hayumo kwenye karatasi hiyo! Huu ni uchaguzi wa Alberta. Wa Ottawa, yaani serikali ya nchi nzima, ni Oktoba.

Baba Neema, 20:21
Najua hayumo. Aliyepatana naye yumo. Notley, waziri mkuu wetu wa Alberta wa chama cha NDP, alitwambia tukubali kodi ya kaboni kwenye petroli na gesi, Ottawa nao wataturuhusu bomba la kufikisha mafuta baharini. Kodi tunalipa tangu Januari 2017. Bomba liko wapi? Mwaka jana Trudeau kalinunua bomba la Trans Mountain kwa dola bilioni 4.5, Agosti mahakama ikafuta kibali. Mpaka leo tunasubiri uamuzi.

Dada Rehema, 20:24
Na usiku uleule wa hukumu, Notley akaiondoa Alberta kwenye mpango wa tabianchi wa Ottawa. Hilo mbona hulitaji?

Baba Neema, 20:28
Alichelewa. Rehema mdogo wangu, mimi nilikuwa Nisku, kwenye karakana za kazi za mafuta. Mwaka 2016 karakana yetu ilifuta zamu ya usiku yote. Tulirudisha funguo za makabati kwenye boksi mlangoni, mmoja mmoja, kuna mwenzetu wa Goma alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Sijasahau.

Mama Zawadi, 20:29
Pole sana kaka. Ule mwaka ulitupiga wote.

Dada Rehema, 20:33
Pole kaka, na nasema kwa moyo. Lakini mafuta yalianza kuporomoka 2014, Notley akaapishwa Mei 2015. Pipa lililokuwa zaidi ya dola 100 likafika chini ya 30 mwanzo wa 2016. Angekaa pale yeyote, ile zamu ingefutwa.

Baba Neema, 20:37
Bei simlaumu. Nalaumu chama. Jagmeet Singh, kiongozi wa NDP huko Ottawa, analipinga bomba hadharani. Horgan, waziri mkuu wa British Columbia (BC), NDP huyohuyo, kaenda mahakamani kutafuta njia ya kulidhibiti. Nimpe kura mtu ambaye wenzake wa chama wananizibia riziki?

Dada Rehema, 20:41
Wenzake anagombana nao kila siku! Februari mwaka jana alizuia mvinyo wa BC usiingie Alberta kwa ajili ya bomba hilohilo. Na 2016 NDP ya nchi nzima ilikutana hapahapa Edmonton, akapanda jukwaani akawaomba wasimuache mfanyakazi wa mafuta. Wajumbe wakapitisha ilani ya kuachana na mafuta ikajadiliwe kwenye matawi yao yote. Mbele ya macho yake, nyumbani kwake. Mimi siku ile nilijua 2019 itakuwa ngumu.

Mzee Salim, 20:44
Wanangu, kwani hawezi kujitenga na hao wa Ottawa?

Dada Rehema, 20:45
Shikamoo mzee. Si rahisi. Kadi ya NDP ni moja, ukijiunga hapa umejiunga na kule pia. Ila UCP ya Kenney wao wamezaliwa 2017 hapahapa, vyama vya Alberta vya Wildrose na PC vilipoungana. Kwa hiyo Singh akisema neno Ottawa, Notley ndiye anayeulizwa Alberta.

Mzee Salim, 20:46
Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Kaka Idi (Toronto), 20:50
Huku Ontario yamempata Wynne, aliyekuwa waziri mkuu wetu wa jimbo, Liberal kama Trudeau, Juni iliyopita. Liberal wamebaki na viti 7 kati ya 124. Kweli walikuwa wamekaa miaka 15 na bili za umeme zilitukaba koo. Lakini Wynne alimpigia Trudeau kampeni 2015, na watu walipoanza kumchoka mmoja wakawachoka wote wawili. Ontario mara nyingi wakiweka chama hiki Ottawa, jimboni wanaweka kingine.

Baba Khadija, 20:54
Kwetu Mombasa ni kinyume. Gavana asiye kwenye chama chenye wimbi hapiti, hata akiwa mchapa kazi vipi. Mwananchi anaambiwa piga chama kimoja kutoka rais mpaka diwani. Hapa naona chama kikubwa kinamzamisha wake.

Shangazi (Tanga), 21:13
Asubuhi njema, huku ndiyo kumekucha. Nimesoma yote. Huyo Notley ni kama mkuu wa mkoa? Mnampigia kura nyie?

Dada Rehema, 21:16
Shikamoo shangazi. Nyumbani mkuu wa mkoa anateuliwa na rais, akimuudhi anaondoka. Huku waziri mkuu wa jimbo anatokana na chama kilichopata wabunge wengi wa jimbo, na Trudeau hana uwezo wa kumtoa. Hospitali, shule, kima cha chini cha mshahara, vyote viko mikononi mwake. Uhamiaji kwa sehemu kubwa na mabomba yanayovuka majimbo ni ya Ottawa.

Shangazi (Tanga), 21:18
Marahaba mwanangu. Basi samaki mmoja akioza huko Ottawa, mnatupa na wa kwenu?

Dada Rehema, 21:19
Ndicho ninachokiogopa, shangazi.

Mama Zawadi, 21:27
Nimetoa bili ya gesi ya Februari, naisoma hapa mezani. Kodi ya kaboni ina mstari wake peke yake, dola 31 na senti. Na mlijua baridi ile ilivyokuwa. Huo mstari kila mtu anauona. Lakini sisi wawili na watoto watatu tunarejeshewa dola 585 kwa mwaka, zinaingia benki kimyakimya, hakuna anayezizungumzia. Mtoto wangu wa mwisho yuko kwenye kituo cha malezi cha dola 25 kwa siku. Mshahara wangu ulipanda Oktoba kima cha chini kilipofika dola 15 kwa saa, na 2015 kilikuwa 10.20. Hayo kafanya nani? Si Trudeau.

Baba Neema, 21:30
Kodi hiyo Kenney anaifuta.

Dada Rehema, 21:32
Akiifuta, Ottawa wanaleta ya kwao, sheria ipo. Tarehe 1 mwezi huu wameanza Ontario, Saskatchewan, Manitoba na New Brunswick. Kaka Idi, si mmeiona kwenye petroli?

Kaka Idi (Toronto), 21:33
Tumeiona.

Baba Neema, 21:34
Atakwenda mahakamani.

Mama Zawadi, 21:41
Na mkisema Ottawa, Kenney katokea wapi? Alikuwa waziri wa uhamiaji wa Harper, waziri mkuu wa nchi kabla ya Trudeau, kuanzia 2008 mpaka 2013. Mwisho wa 2011 maombi mapya ya kuwaleta wazazi yalisimamishwa, hayakufunguliwa hadi Januari 2014. Mama yangu alikuwa Kigoma, fomu nilikuwa nimeshazijaza. 2012 wakapunguza matibabu ya wakimbizi, hata mahakama ikasema ni ukatili. Watu wetu wa Kongo waliingia na vikaratasi kliniki wakarudishwa. Kama Notley anahesabiwa makosa ya Singh na Trudeau, ambayo hakuyafanya, basi Kenney naye ahesabiwe aliyoyasaini mwenyewe.

Baba Khadija, 21:43
Hapo Mama Zawadi amenena.

Baba Neema, 21:49
Hilo la wazazi nalijua, shemeji zangu liliwakuta. Sina la kujibu.

Dada Rehema, 21:51
Kaka nikuulize kitu, unijibu kweli. Huyuhuyu Notley, kazi hizihizi, angesimama bila jina la NDP, ungempa?

Baba Neema, 21:58
Ningefikiri mara mbili. Kwenye bomba amepigana, sitamnyima hilo. Lakini kila akisimama namwona Singh nyuma yake, na Trudeau nyuma ya Singh. Na kule kazini tuko wengi tunaoona hivyo.

Dada Rehema, 22:00
Basi ndiyo hivyo atakavyoshindwa Jumanne. Edmonton huenda tukamshikilia, lakini Calgary na vijijini naona tumeshapoteza. Inaniuma, kwa sababu hata nikipita mlango kwa mlango siwezi kumjibia Trudeau.

Mama Zawadi, 22:03
Mimi sijapiga bado, nitapiga kesho. Na Mama Furaha pia, uraia wake umetoka Januari, ni kura yake ya kwanza, anaogopa kwenda peke yake.

Baba Neema, 22:05
Nitawapeleka, gari ninalo kesho. Hata kama mnaifuta kura yangu ya Kenney.

Dada Rehema, 22:06
Ahsante kaka. Kura ya mapema mnaweza kupiga kituo chochote Alberta, si lazima cha hapa. Mwambieni Mama Furaha abebe kitambulisho chenye jina na anwani ya sasa, kile cha alipokuwa akiishi Clareview kina anwani ya zamani.

Mama Zawadi, 22:08
Nampigia sasa hivi. Saa tano asubuhi, Baba Neema?

Baba Neema, 22:08
Saa tano. Nitapiga honi.