Magnum wa kale na Magnum wa sasa: gumzo la ukoo wetu

Nuru: Masalkheri nyote. Nimemaliza Magnum P.I. mpya, kile kipindi cha TV cha mpelelezi Magnum, misimu yote 5. Ami Salim, kile chako cha zamani hakioni ndani.

Ami Salim: Masalkheri mwanangu. Cha zamani umekitazama?

Nuru: Vipande tu. Kinakwenda polepole mno.

Ami Salim: Hapo ndipo penye utamu. Tom Selleck, Magnum wa zamani, alikuwa akikaa garini akivizia, nasi twamsikia anavyowaza, hata pale anapojua kuwa anakosea. Hiki kipya, kabla hujamshuku mtu, magari yashaanza kufukuzana.

Shangazi Rukia: Mimi Higgins, msimamizi wa nyumba anayokaa Magnum, kufanywa mwanamke sikubali. Higgins ni yule mzee wa Kiingereza, John Hillerman.

Mwanaidi: Shangazi, Hillerman alikuwa mtu wa Texas.

Shangazi Rukia: Wallahi? Ile lafudhi yote ile?

Nuru: Shangazi, Juliet Higgins amewahi kuwa jasusi wa MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza. Anapigana, anaingia kwenye kompyuta za watu, wanashirikiana na Magnum kazi moja. Yule mzee kazi yake ilikuwa kugombana na Magnum juu ya Ferrari.

Shangazi Rukia: Na hadithi zake za vita! Nilikuwa nikizingoja. Halafu lile fumbo la Robin Masters, mwenye nyumba. Uso hatukuonyeshwa, sauti tu ya Orson Welles. Tukashuku ndiye Higgins mwenyewe. Mwishoni, 1988, akakiri. Kisha akakana. Mpaka leo sijui.

Ami Salim: Nuru, nikwambie kilichonishika mimi. Tuko sebuleni Kibokoni, mkanda tumeukodi, marehemu babu yako ameshika kikombe cha kahawa. Mac, yule rafiki wa jeshini aliyekuwa akimpa Magnum siri za ofisini kwa kuhongwa vitu vitamu, analipukiwa na bomu ndani ya Ferrari. Aliyelipanga ni Ivan, Mrusi aliyewatesa kina Magnum kule Vietnam. Ivan anakamatwa, anaachiliwa. Magnum anamfuata, anamuuliza kama asubuhi ile aliliona jua likichomoza. Ivan anasema ndiyo. Risasi ikalia, kisa kikaishia pale pale. Babu akakiweka kikombe mkekani, hakukigusa tena. Akauliza: "Sasa huyu ni mtu mwema?" Tulibishana mpaka usiku wa manane.

Nuru: Mola amrehemu babu. Lakini ami, hata kipya kina hayo. Magnum na rafiki zake TC na Rick walikuwa mateka pamoja Afghanistan, na mwenzao Nuzo anauawa sehemu ya kwanza tu.

Ami Salim: Niliiona. Inauma, sikatai. Ila Nuzo kafa sijamjua bado. Mac tulikaa naye misimu miwili, tukamzoea kama jirani. Ndiyo maana babu yako kahawa ilimshinda.

Mwanaidi: 😢

Nuru: Hicho kisa ni msimu wa ngapi?

Ami Salim: Mwanzo wa msimu wa 3, 1982. Sehemu mbili, zitazame usiku mmoja. Lakini anza na msimu wa 1, umjue Mac kwanza.

Shangazi Rukia: Njooni kwangu Jumamosi. Mbaazi na mahamri juu yangu.

Nuru: Inshallah shangazi. Ami, ule mkanda bado upo?

Ami Salim: Ule tulirudisha dukani. Nilinunua wangu baadaye, uko kabatini. Deki ndiyo iliyokufa.