Tupeane uzoefu: mwanao ana lafudhi ya wapi?

BintiMaweni, Malindi

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Naanza na langu, nanyi mlete yenu.

Mimi mzaliwa wa Malindi, mume wangu Mtaliano. Tuliishi kwao, karibu na Bergamo, miaka tisa, na mwaka jana tukarudi na watoto wawili: msichana wa miaka minane na mdogo wake wa mitano. Kiswahili niliwasemesha tangu wakiwa tumboni, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe Kiswahili cha mdomo mmoja ndani ya nyumba hakifiki mbali. Nikisema nao wananijibu Kitaliano, nami nikirudi kazini nimechoka najibu hivyo hivyo, mpaka ikawa mazoea.

Tumefika hapa, msichana anasema "abari", "apana", "amna". Kitaliano huandika h lakini hakiitamki, basi ulimi wake haukuwahi kufunzwa.

Mdogo wake ndiye aliyetuvunja mbavu. Wiki ya kwanza tuko ufukweni, akamwona baba yake anaingia majini akapiga kelele: "Papa! Papa!" Kina mama waliokuwa wakiogesha watoto walitoka mbio, mmoja aliacha ndara zake. Kumbe papa kwao ni baba. Kesho yake jua limempiga, analia anataka "kasa", yaani nyumbani, na mvuvi mmoja akamwambia kwa upole: "Kasa haguswi siku hizi, mwanangu, mtu hufungwa."

Hayo tunacheka. Lakini msichana darasani wamempa jina, Abari, na sasa hanyanyui mkono kipindi cha Kiswahili. Kule alikuwa Mwafrika, hapa ni Mtaliano. Jana usiku ameniuliza kama kuna nchi ya tatu.

Nimtafutie mwalimu wa kumnyoosha ulimi, au nimwache? Shule ya mtaala wa Kiingereza ipo, lakini karo yake hata sitaki kuitaja.

Mwana wa Langoni, Lamu

Mwalimu wa nini? Mwache acheze kibe.

Mwalimu wa Bara, Lamu

Mimi si mgeni wa ng'ambo, natoka Vihiga, lakini nilipoletwa kufundisha Lamu mwaka 2014 nilihisi nimevuka bahari tatu, maana hata kufika kwenyewe ni mashua kutoka Mokowe. Binti yetu amezaliwa hapa na Kiswahili chake ni Kiamu kitupu. Macho ni mato, njia ni ndia, maji ni mai, mchele ni mtele.

Likizo ya Desemba tukampeleka kwa nyanya yake. Watoto wa jirani wanachekana uani, binti akaita: "Nyanya, ndoo! Wanateka!" Mama yangu akaingia jikoni akatoka na ndoo, akawa anaelekea kisimani. Kwa Kiamu mtoto alikuwa amesema njoo, wanacheka. Kwa Kiswahili cha mama yangu ilikuwa ndoo, na watu wanateka maji. Nilipowafafanulia walicheka wote, lakini niliona mama ameinamisha kichwa. Mjukuu hajui Kimaragoli hata cha kuombea chumvi, na sasa hata Kiswahili wanapishana.

Nitaungama jambo. Shuleni mtoto wangu mwenyewe aliandika "ndia" kwenye insha, nikampiga kalamu nyekundu. Akaniuliza: "Baba, nani alisema ni makosa?" Nikamjibu vitabu. Usiku sikulala vizuri. Mwaka 1928 wakubwa walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu; wangechagua hiki cha huku, leo mimi ndiye ningepigwa kalamu nyekundu. Na tenzi za kale tunazosifu darasani zimejaa hizo hizo mato na ndia. Siku hizi namwandikia sanifu pembeni, bila kulikata neno lake.

Kwa hivyo dada wa Maweni, hiyo h itakuja. Lafudhi mtoto huichukua kwa wenzake wa kucheza. Wangu angeichukua kwa mzazi, angesema kama Mmaragoli.

Mama Shela, miaka kumi na moja

Nisameheni makosa, leo mwanangu hakunisahihishia.

Mimi Mjerumani. Nilikuja Shela na mtoto wa miezi sita. Kiswahili nilikisoma kitabuni, yeye alikipata gatini na juu ya punda. Basi mimi nasema njoo, yeye ananirekebisha mbele ya mwenye duka. Tukiingia dukani pamoja, watu wanaongea na yeye Kiamu, halafu wananigeukia mimi kwa Kiingereza. Miaka kumi na moja!

Kiswahili chake sina wasiwasi nacho. Shida ni Kijerumani. Hana mtu wa kuongea naye ila mimi, kwa hiyo anaongea kama mwanamke wa miaka arobaini na saba. Hajui maneno ya watoto, hajui hata matusi yao. Bibi yake wa Hamburg anasema mjukuu ana adabu kama karani wa posta wa zamani. Tena kila akiahidi kitu anamalizia inshallah. Mwaka jana alimwambia daktari wa meno: "Nitafungua mdomo, inshallah." Daktari alinitazama mimi.

Watu wa pande zote mbili wanamuuliza anatoka wapi. Yeye anajibu: Shela, nyuma ya msikiti. Kwake swali limekwisha, na wao bado wamesimama wanangoja.

Mzee wa Ngomeni

Watoto wa siku hizi mnawadekeza. Jina la utani ni jina tu, mimi hadi leo naitwa Kidole.

Wataliano walipokuja Ngomeni miaka ya 1960 kuweka majukwaa yao ya San Marco baharini, ya kurushia roketi, sisi vijana tulijifunza lugha yao bila kitabu. Kitaliano changu kina Kigiriama ndani yake, na mtalii akinicheka nampandishia bei ya kinyago.

Tarehe 12 Desemba 1970 palirushwa satelaiti pale, wakaiita Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Chombo cha Wamarekani, kimerushwa na Wataliano, kutoka maji ya kwetu, kikapewa jina la Kiswahili. Hebu niambieni, hicho nacho kina lafudhi ya wapi?

BintiMaweni

Mzee, umeniweza.

Mama wa London

Mimi naongeza la karatasi, kwa sababu mtoto akiambiwa si wa hapa, vizuri awe na cha kuonyesha. Wangu wa kwanza nilimzaa huku mwaka 2006, baba yake Mwingereza. Sheria ya wakati huo, aliyezaliwa nje alirithi uraia wa Kenya kwa baba tu. Mimi mtoto wa Malindi kwa baba na mama, mwanangu akaja kwa bibi yake kwa viza! Katiba ya 2010 ndiyo iliyosema mama naye ni mzazi, ikawajumuisha na waliozaliwa kabla yake, na tena mtu anaweza kushika pasipoti mbili. Dada, kama wako hujawashughulikia, anza sasa, usingoje wafike umri wa kitambulisho.

Siku aliyoingia kwa pasipoti yake ya Kenya, afisa uwanjani alimsikia anavyosema "asante" akamtania: "Mkenya gani huyu? Hebu sema mbaazi." Akasema. Ilitoka vibaya. Afisa akagonga mhuri akamwambia aende akaile kwanza, itamnyoosha. Nampenda afisa yule mpaka kesho.

Mwana wa Langoni, Lamu

Na mahamri. Mbaazi pekee hainyooshi kitu.

BintiMaweni

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Mwalimu sikumtafuta. Karatasi nimezianza, ahsante Mama wa London.

Jirani yetu ana mvulana wa miaka tisa, kaka zake huuza vitu ufukweni, naye anaokota Kitaliano kwao. Juzi nawasikia barazani. Mvulana anajaribu kusema "famiglia", inamtoka "familia" kila mara, na binti yangu anacheka mpaka anajikunja. Mvulana akanuna. Halafu nikasikia wanapatana bei kama watu wa sokoni: yeye asichekwe kwa gli, na msichana asichekwe kwa h, na atakayemcheka mwenzake anatoa embe.

Mpaka leo ninadaiwa maembe manne. Mdogo wake amejiunga jana, naye bado anaita papa.