Tupeane uzoefu: uliwahi kuiga nywele za staa gani, na ilikuwaje?

Kichwa Wazi
Wakuu, leo natafuta cheti kwenye begi la zamani nikakutana na picha ya timu yetu ya shule, mwaka 2002. Wachezaji 11, na 7 kati yetu tuna ile pembetatu ya Ronaldo wa Brazil mbele ya kichwa, kwingine kote kweupe. Nimeishika hiyo picha mpaka nimesahau cheti. Kaka yangu ndiye aliyetunyoa wote kwa mashine moja, ikapata moto hadi ikabidi tuisubiri ipoe tukiwa katikati ya kichwa cha golikipa. Mama alipotoka nje na kutuona hakusema neno, alivuta kiti akakaa. Asubuhi yake mwalimu alituita mmoja mmoja na pembetatu zote zikaondoka. Nilikuwa Ronaldo kwa saa 14, na sijawahi kujiona mzuri vile tena.

Haya, nani mwingine aliwahi kunyoa, kukata au kupaka rangi kwa ajili ya staa?

Winga wa Kushoto
Ile pembetatu ilipita kwenye vichwa vya kizazi kizima. Na sisi tulikuwemo.

Chanuo la Mbao
Mnajua kwamba aliinyoa vile makusudi? Alikuwa na maumivu ya mguu na waandishi hawakuacha kumuuliza, akaamua awape nywele za kuongelea. Wakahama kweli. Akafunga lile bao moja la nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uturuki, akafunga yote mawili ya fainali dhidi ya Ujerumani. Miaka mingi baadaye akawaomba radhi akina mama wote walioona watoto wao wamerudi nyumbani na kichwa kile.

Kichwa Wazi
Nimemsomea mama hii sasa hivi. Anasema amepokea.

Bobu 2007
Mimi ni Rihanna wa 2007, ile bobu nyeusi iliyolala, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Nywele zangu zilikuwa zinagusa mabega, na msusi aliniuliza mara tatu "una uhakika?" huku mkasi uko hewani. Ya kwanza ilipoanguka mapajani niliiokota nikaifumbata mkononi mpaka alipomaliza. Ila jamani, nilitoka pale shingo ndefu! Niliikata hivyo kwa miaka minne na sijutii hata siku moja. Tusije tukafanya kila hadithi hapa iwe ya msiba.

Kisogo
Bobu ile ni ya Victoria Beckham, Rihanna alikuta tayari.

Bobu 2007
Ya Victoria ilikuwa fupi nyuma na ndefu mbele pande zote mbili. Nimesema upande MMOJA. Soma kwanza.

Kisogo
Ni mkato uleule dada, msigombanie mstari.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, wanawake walikuwa wanakata bobu tangu miaka ya 1920. Mwangalieni Louise Brooks, mwigizaji wa filamu zisizo na sauti, halafu mrudi mmalize ugomvi wenu. Mimi wakati wangu ilikuwa Jennifer Aniston, katikati ya miaka ya 1990, ule mkato wa ngazi uliopewa jina la Rachel, yule aliyemwigiza kwenye tamthilia ya Friends. Saluni ulikuwa unapendeza sana. Nyumbani ukiosha tu, kila ngazi inakwenda njia yake. Nilidhani mikono yangu ndiyo mibovu, mpaka nikasoma kwamba Aniston mwenyewe hakuupenda, na bila msusi wake hakuweza kuutengeneza. Ningejua mapema nisingelia mbele ya kioo asubuhi nzima.

Rangi Tatu
Sikutaka kuandika, ila hayo ya kulia mbele ya kioo yamenitoa nilipojificha.

Machi 2015 Kim Kardashian alitokea Paris na nywele nyeupe za platinamu. Nilikuwa na dada anaolewa Jumamosi, mimi ndiye msimamizi wake, na nikajiambia nitasimama pale nikiwa vile. Alhamisi usiku nikanunua unga wa kuondoa rangi, ule wa bluu, na peroksaidi, dawa ya kukorogea unga huo. Kulikuwa na namba 20, 30 na 40. Nikachukua 40 kwa sababu niliona ndiyo ya kazi. Jambo ambalo sikumwambia mtu: wiki tatu nyuma nilikuwa nimetia dawa ya kulainisha.

Nikapaka kuanzia mzizi hadi ncha, nikafunga na mfuko wa nailoni. Dakika 20 nikachungulia, nywele rangi ya tofali. Dakika 40, rangi ya machungwa. Nyeupe haionekani hata kwa mbali. Nikaosha, na badala ya kuacha nikakoroga bakuli la pili nikapaka juu yake hapohapo. Kichwa kilikuwa kinawaka kama nimemwagiwa pilipili, macho yanatoka machozi, nami nikawa najipigia hesabu, bado dakika kumi, bado tano. Nilidhani kuvumilia ndiyo bei ya kupendeza.

Niliposuuza maji yakagoma kushuka kwenye sinki. Nikaingiza vidole kwenye tundu kuona kimeziba nini, nikatoa fungu la nywele zangu. Nikashika unywele mmoja kichwani, nikauvuta taratibu. Ukarefuka kama chingamu, kisha ukakatika bila sauti. Nikashika mwingine. Vilevile. Upande wa kulia juu ya sikio nikapitisha kiganja nikagusa ngozi tupu, yenye utelezi.

Nilikaa kwenye sakafu ya bafu mpaka alfajiri. Dada akagonga, akagonga tena, nikafungua. Alinitazama kwa muda. Sikuona hasira usoni kwake, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Akaenda akarudi na mkasi na mashine ya mume mtarajiwa, akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanikata zilizobaki zikawa sawa, kidole kimoja urefu, rangi tatu tofauti. Jumamosi nikasimama pembeni yake nikiwa hivyo. Watu walitaka nifunge kitambaa, yeye akakataa.

Winga wa Kushoto
Dada Rangi Tatu nimesoma nikiwa nimeshika kichwa changu.

Bobu 2007
Pole sana shosti. Huyo dada yako ni dhahabu. Na ngozi ilipona?

Rangi Tatu
Ilipona. Nyuma chini ya kisogo kuna sehemu kama ncha ya kidole haijawahi kuota tena.

Kinyozi Miaka 20
Hii hadithi nimeipokea kwenye kiti changu mara nyingi, ikija imefunikwa kitambaa, kwa hiyo naomba niieleze vizuri. Dawa ya kulainisha inavunja vile vifungo vinavyoupa unywele nguvu na mkunjo wake. Dawa ya kuondoa rangi nayo inakuja kuvunja vilivyobaki. Ukiziweka zote mbili kwenye unywele mmoja, unabaki na kitu kinachovutika. Na namba za peroksaidi zina maana: 20 ni kama asilimia 6, 40 ni kama asilimia 12. Hiyo 40 haifai kugusa ngozi ya kichwa, tena chini ya nailoni inayoshika joto.

Nywele nyeusi hazirukii kwenye nyeupe. Zinapita kahawia, nyekundu, machungwa, njano, ndiyo njano hafifu ya ndani ya ganda la ndizi. Anayefanya kwa usalama anagawa safari hiyo kwa wiki kadhaa. Kata kiunywele kidogo kisogoni, kijaribu kwanza kwenye kikombe. Kikivutika, funga kopo.

Kisogo
Au paka mafuta ya nazi usiku kucha kabla, hakiungui kitu.

Chanuo la Mbao
Mimi niliambiwa nisioshe kichwa siku mbili, mafuta ya ngozi yenyewe yanakinga.

Mama Mapacha
Na mimi niliambiwa nioshe vizuri kabla, kichwa kiwe safi. Sasa tushike lipi?

Kinyozi Miaka 20
Usioshe, mama. Mafuta ya nazi hayadhuru, ila hayageuzi namba 40 kuwa maji.

Nyota ya Asubuhi
Nunueni wigi mlale usingizi. Mnadhani hao mastaa wanachezea nywele zao? Agosti 2013 Beyoncé alionyesha nywele fupi kabisa, watu wakakimbilia mkasi, na haikuchukua muda akaonekana nazo ndefu. Wewe uliyekata za kwako umebaki unahesabu sentimita, na kwa mwezi inaota kama moja na kidogo.

Bobu 2007
Wigi ni wigi. Upepo ukivuma unajua mwenyewe moyoni.

Nyota ya Asubuhi
Upepo ukivuma mimi nalishika. Rangi Tatu hakuwa na cha kushika.

Bobu 2007
Hilo lilikuwa na haja gani?

Nyota ya Asubuhi
Nimekosea. Rangi Tatu, samahani mpenzi.

Rangi Tatu
Usijali. Umesema kweli. Ila hata wasiovaa wigi wana watu wa kuwahudumia: Kim huyohuyo mwaka 2022, alipovaa lile gauni la mwigizaji wa zamani Marilyn Monroe kwenye Met Gala, hafla ya mitindo ya New York, alisema kazi ya kupausha nywele ilichukua saa 14, tena mikononi mwa mafundi. Mimi nilikuwa na bakuli na kioo cha bafuni.

Mizizi
Samahani kwa nitakayosema, lakini shida ilianza kabla ya bakuli. Nywele zetu za kipilipili zina ubaya gani hadi mtu atake za Kim? Lupita Nyong'o alipanda jukwaani 2014 kuchukua Oscar na nywele zake fupi za asili, dunia nzima ikamtazama.

Rangi Tatu
Ndugu, sikuzichukia nywele zangu. Nilipenda rangi, kama mtu anavyopenda gauni jekundu. Nimeshaambiwa hilo la kujichukia na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa pale bafuni.

Kisogo
Na kumuiga Lupita si kuiga staa?

Nywele Fupi
Ndiyo kuiga, na mimi nilimuiga, niseme bila kuona haya. Machi hiyohiyo 2014 nilikata zote. Nilikuwa sijawahi kuhisi hewa kwenye kisogo changu tangu utotoni. Nilipotoka nje upepo ukanigusa pale, nikasimama barabarani nikalia, na haikuwa huzuni. Lakini Mizizi, ulivyomwambia dada wa watu siyo. Nilikata kwa furaha, naye alipaka kwa furaha, yeye tu alikutana na namba 40.

Mizizi
Nimekuelewa. Rangi Tatu, niwie radhi, nilizungumza kama nahubiri.

Kijani Bila Kupenda
Mwaka 2020 nilitaka kijivu. Nikapausha hadi njano, nikapaka kijivu juu, nikaosha: kijani cha ukungu wa ukutani. Kesho yake watu wananisifia eti nimemuiga Billie Eilish, yule mwimbaji aliyekuwa na kijani kichwani. Nikanyamaza nikapokea sifa.

Kinyozi Miaka 20
Kijivu hicho kina bluu ndani yake. Bluu juu ya njano, hesabu ya shule. Ilibidi njano ifutwe kwanza kwa zambarau.

Ndevu Nyeusi
Wanaume tunajificha kwenye mpira tu, ngoja niseme. Mvi zilinianza mapema. Kulikuwa na mwanamuziki mmoja nampenda, ndevu zake nyeusi kama wino, zimechongwa mstari mmoja, nami nikawa napaka piko kila baada ya wiki mbili nizifikie. Karibu mwaka mzima sikuona shida. Siku moja nimepaka jioni, usiku ngozi inawasha, asubuhi nimeamka nimefungua macho na bado giza. Kope zilikuwa zimevimba zimefunga. Mke wangu alinishika mkono hadi hospitali nikihesabu ngazi kwa miguu. Daktari akauliza swali moja tu: umepaka nini?

Chanuo la Mbao
Mimi napaka mwaka wa kumi huu, sijawahi hata kujikuna. Inategemea damu ya mtu.

Ndevu Nyeusi
Nami nilisema hivyohivyo. Daktari alinieleza ndani ya rangi nyingi nyeusi kuna kemikali wanaiita PPD, na mwili unaweza kuivumilia mara nyingi kisha siku moja ukaikataa, na ukishakataa ndiyo basi. Paka tone nyuma ya sikio, subiri saa 48, kila mara, hata kama ni kopo lilelile. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, alinikimbia asubuhi ile hakunijua.

Winga wa Kushoto
Pole mkuu. Mvi ziacheni, zimefika zenyewe.

Mama Mapacha
Sasa mnisaidie mimi, ndiyo maana nimesoma mpaka hapa. Mmoja wa mapacha wangu, miaka 13, ameona picha za Neymar za Kombe la Dunia 2018, ile mechi ya kwanza na Uswisi alipokuja na nywele za dhahabu juu kama zimemwagwa. Anataka hizo. Hata chakula hali vizuri kwa sababu hiyo. Nikatae au niruhusu?

Mwalimu Mstaafu
Kataa. Akifika 18 achague.

Nywele Fupi
Ukikataa atajipaka mwenyewe usiku. Muulize Rangi Tatu.

Kichwa Wazi
Mwache aende uwanjani nazo siku moja, za mtoto zinarudi haraka. Mimi saa zangu 14 nazikumbuka mpaka leo.

Kinyozi Miaka 20
Mama, nywele zinarudi, ngozi iliyoungua ndiyo haina hakika. Umri huo asipakwe kitu kichwani. Kama anataka kuona, kata kishungi kidogo kwenye nywele zake anaponyolewa, mjaribu pamoja kwenye kikombe, uvae glavu wewe.

Mama Mapacha
Wakuu nimerudi. Tumefanya na namba 20, tukaketi wote watatu tukitazama kikombe. Dakika 15 kahawia. Nusu saa machungwa. Pacha mwenzake akasema mbona kama karoti. Yeye hakujibu. Amekikausha kile kishungi, amekifunga na uzi, amekiweka kwenye bahasha chini ya mto, na anasema anaendelea kufikiria.