Macho kuvimba tangu nihamie Mwanza: ni samaki au ni maji?

Dada wa Kirumba:
Assalamu alaikum ndugu zangu wa Pwani mlioko huku Ziwani. Nina miezi mitatu tangu nitoke Mombasa. Mara ya pili sasa naamka kope zimevimba hadi macho hayafunguki, na masikioni na nyuma ya shingo vipele vinatoa maji. Majirani wanasema ni maji ya ziwa, au ni sato na dagaa, mwili haujazoea. Nimeacha samaki wiki tatu, na juzi yamenirudia vilevile. Nifanyeje?

Dada wa Nyegezi:
Wa alaikum salaam, pole sana mamangu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na samaki huyu husingiziwa kila siku. Aleji ya chakula haikawii. Mara nyingi hutokea dakika chache tu baada ya kula, mabaka yaliyoinuka yanayohamahama, na kila baka hupotea ndani ya siku moja. Ikija na ulimi kuvimba au pumzi kubana, ni mbio hospitali, usingoje kukuche.

Yako ni ya namna nyingine. Vipele vya maji vinavyokaa siku kadhaa ni ngozi iliyogusana na kitu, na kitu chenyewe aghalabu ni cha jana, juzi au hata kabla ya juzi. Ndiyo maana watu hukosea: wanahesabu walichokula usiku ule.

Halafu tazama mahali. Chini ya kitovu, nashuku kifungo cha jinzi au chuma cha mkanda, maana vina nikeli. Kwenye ndewe, hereni za bei rahisi. Juu ya wayo, mikanda ya ndara. Lakini kope, masikio na shingo kwa pamoja? Unatia kanta? Na je, piko limewahi kukuwasha?

Dada wa Kirumba:
Subhanallah. Mvi zimeanza mwaka huu, kanta nimetia mara mbili tu, zote hapa Mwanza, na zote siku mbili kabla ya kuvimba. Na piko, harusi ya mdogo wangu mwaka jana, ua lote la mkononi lilifura malengelenge. Alama ipo hadi leo.

Dada wa Nyegezi:
Basi aleji hiyo umetoka nayo nyumbani. Hina ya majani hutoa rangi nyekundu au ya kahawia. Piko jeusi la kukolea upesi huwa limetiwa dawa ileile ya kanta, kwenye boksi huandikwa PPD. Mwili wako uliijua siku ile ya harusi, na hausahau. Usitie tena hata tone kwa kujaribu, kila mara inaweza kuzidi. Nenda hospitali ya Bugando ukaulizie daktari wa ngozi, ubebe na boksi. Kipimo chake ni kubandikwa vitu mgongoni, vikatolewa baada ya saa 48 na kusomwa tena siku ya tatu au ya nne. Na tafadhali, usijinunulie tyubu dukani. Zile krimu zenye steroidi kali huchubua uso na kumficha daktari ugonjwa.

Kaka wa Igoma:
Dada zangu, mimi ni fundi ujenzi. Mikono yangu ilipasuka mwaka mzima nikidhani ni fangasi. Nilipokwenda Lamu wiki mbili ikapona. Nikarudi saiti, siku ya tatu ikaanza tena, ndipo nilipojua ni saruji. Ina kromiamu.

Ila ziwa nalo tusilitakase kabisa. Ukioga ufukweni kisha ukawashwa vipele vidogo pale tu maji yalipofika, huenda ni kichocho kinaingia. Wiki kadhaa baadaye mtu hupata homa akadhani ni malaria. Huku kipo sana kile cha tumbo. Hupimwa kwa choo, na dawa yake ni prazikwanteli.

Dada wa Kirumba:
Mungu awalipe. Leo napika sato wa kupaka. Harusi ya binamu yangu ni mwezi ujao na wasichana washaagiza piko, nampigia mama sasa hivi kabla halijasongwa.