Ng'ombe haonyeshi joto: GnRH irudiwe kila siku?

Mhimilishaji_Tukuyu
Wakubwa shikamooni. Ng'ombe chotara wa Friesian, siku 80 tangu azae, joto halionekani, mimba hana. Juzi saa 11 jioni alichomwa gonadorelini (yaani GnRH, homoni ya ubongo inayoamsha uzazi) mikrogramu 100. Mfugaji anataka arudiwe leo, kesho na keshokutwa "dawa ikolee". Nimweleze vipi kuhusu vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni?

MamaNdama_Njombe
Marahaba. Msirudie. Ubongo hutoa GnRH kwa midundo. Mwaka 1978 kundi la Ernst Knobil kule Marekani lilionyesha kwa kima aina ya rhesus kwamba mdundo mmoja kila saa hupandisha LH na FSH (homoni za tezi ya pituitari zinazoamsha ovari), lakini homoni hiyohiyo ikimiminwa bila kukoma, zote mbili huporomoka.

Homoni ikishika kipokezi kwenye seli ya pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, kipokezi huvutwa ndani. Vingine hurudishwa juu, vingine husagwa. Seli ikipata nafasi huunda vipya. Ukichoma kila siku, vipokezi vinapungua na ghala la LH halijajaa, kwa sababu sindano ya kwanza imeshaitoa, kilele kikiwa kama saa 2 baadaye. Mwambie ni sawa na kukamua ng'ombe aliyemalizwa kukamuliwa sasa hivi. Vipandikizi vya desilorelini, dawa ya jamii ya GnRH inayotoka mfululizo, huzima uzazi wa mbwa dume kwa njia hiyohiyo.

Maabara_Uyole
Naongeza, maana hapa wengi huchanganya. Arestini, protini ya ndani ya seli, ndiyo huzima haraka kipokezi cha LH kwenye ovari: kipokezi hicho kina mkia ndani ya seli, arestini hukinasa kwa ndani, ishara inakatika. Kipokezi cha GnRH cha mamalia hakina mkia huo, kwa hiyo hakizimwi upesi namna hiyo. Kinachoshuka ni idadi yake, pamoja na nguvu ya ishara ndani ya seli.

Tena, LH ikitoka haisaidii kama folikili (kifuko cha yai kwenye ovari) haina vipokezi vyake. FSH na estrojeni hushirikiana kuvijenga folikili inavyokua. Isiyofika kama milimita 10 mara nyingi haitoi yai, hata uchome mara ngapi.

Daktari_wa_Mifugo_Mafinga
Ihesabu sindano ya juzi kuwa siku 0. Siku ya 7, klopostenoli (aina ya prostaglandini, huyeyusha mwili njano, tezi inayobaki kwenye ovari yai likishatoka) mikrogramu 500. Saa 56 baadaye, gonadorelini mikrogramu 100. Himilisha saa 16 hadi 20 baada ya hapo. Kati ya gonadorelini mbili zinapita siku 9 na zaidi, vipokezi vinarudi.

Usiwahishe klopostenoli: mwili njano wenye umri chini ya siku 5 hauyeyuki, ingawa vipokezi vya prostaglandini unavyo. Vaa glavu, dawa hiyo hupenya ngozi. Mjamzito au mwenye pumu asiishike kabisa.

Hali ya mwili ikoje? Ikiwa chini ya 2.5 kwa kipimo cha 1 hadi 5, anzeni na mashudu ya alizeti, pumba na majani ya kutosha. Homoni hazizibi pengo la chakula.

Mhimilishaji_Tukuyu
Hali ni 3. Ila klopostenoli ikichomwa saa 11 jioni, saa 56 zinaangukia saa 7 usiku!

Daktari_wa_Mifugo_Mafinga
Siku ya 7 choma saa 3 asubuhi. Gonadorelini itakuwa siku ya 9 saa 11 jioni, na mbegu siku ya 10 saa 3 asubuhi.

Mhimilishaji_Tukuyu
Ndaga fijo (asante sana). Leo ni siku ya 2, klopostenoli bado siku tano.